Saa Kumi na Mbili Jioni: Kikundi cha Walioacha Pombe Hufanya Kazi Gani?

Mtu anayetaka kuacha pombe katika nchi zetu hapungukiwi na ushauri. Mke ameshasema, mama mzazi ameshalia, mchungaji ameombea, shehe amekumbusha, na bosi ameandika barua ya onyo. Wote wanamwambia neno moja: acha. Wasilomwambia ni afanye nini saa kumi na mbili jioni ya siku ya mshahara, wakati simu inaita kutoka kwa watu walewale aliokunywa nao kwa miaka, na nyumbani hakuna anayemsemesha.

Pombe kwetu hainywewi na mtu na koo lake tu. Uchagani mbege huzunguka katika kata, kila mtu akinywa na kumpokeza mwenzake. Magharibi mwa Kenya wazee huketi kuzunguka chungu kimoja cha busaa, kila mmoja na mrija wake. Pwani mnazi una vilabu vyake viitwavyo mangwe, na baa ya mtaani ina meza ambayo wenyeji wake wanajulikana. Kwa hiyo anayeacha kunywa haachi chupa peke yake. Anaacha kijiwe, utani, watu wa kukopana nao, na pengine hata wateja wa biashara yake. Akishaviacha vyote hivyo, anabaki na jioni ndefu isiyo na mtu.

Kikundi cha watu walioacha pombe kimetengenezwa kwa ajili ya jioni hiyo. Wengi hukidhania kuwa kanisa dogo, darasa, au mahali pa kwenda kuaibishwa. Ukikitazama kwa karibu, kazi yake kubwa ni nyepesi kuieleza: kinambadilishia mnywaji watu anaokaa nao. Anayeshika jambo hilo ataelewa wapi pa kukitafuta kikundi, namna ya kukichagua, na kwa nini kuhudhuria mara moja halafu kukaa nyumbani hakusaidii.

Nani anakihitaji, na nani aanze kwa daktari

Si kila anayekunywa anahitaji kikundi. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali kumi liitwalo AUDIT, lililoundwa miaka ya 1980 kwa utafiti wa nchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo. Linauliza mambo ya kawaida: unakunywa mara ngapi, unakunywa kiasi gani kwa siku moja, umewahi kushindwa kuacha ukishaanza, umewahi kuhitaji kinywaji asubuhi ili uweze kuamka baada ya kunywa sana usiku. Swali hili la mwisho wanywaji wa Tanzania wanalijua kama kuzimua, na wa Kenya kama kutoa loki. Alama zinaanzia 0 na kuishia 40. Kuanzia 8, unywaji umefika mahali pa kuleta madhara. Kuanzia 20, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu ameshakuwa mtegemezi wa pombe na anahitaji tathmini ya mtaalamu.

Wa alama za chini mara nyingi husaidiwa na mazungumzo mafupi. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti walilipima dodoso hili kwa Kiswahili, kisha wakaandaa ushauri mfupi ambao muuguzi humpa mgonjwa aliyefika idara ya dharura akiwa ameumia. Waliuita Punguza Pombe kwa Afya Yako. Mtu anayekunywa kupita kiasi mwishoni mwa wiki anaweza kutosheka na mazungumzo ya namna hiyo. Aliyeahidi kuacha mara nyingi na kurudi mara nyingi, huyo ndiye kikundi kinamhusu.

Lakini kabla ya kikundi kuna jambo la usalama ambalo halipaswi kurukwa. Mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa huanza, ndani ya saa chache tangu kinywaji cha mwisho, kutetemeka mikono, kutoka jasho, kutapika na kukosa usingizi, na moyo kwenda mbio. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huchanganyikiwa, hupata homa na kuona wadudu au watu wasiokuwepo. Majirani husema amerogwa, au wanamcheka. Kumbe hali hiyo inaua, na inatibika: hospitalini hupewa dawa za kutuliza kama diazepamu, kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Aliyewahi kupata degedege akiacha pombe, au anayetetemeka kila asubuhi, aanzie hospitali.

Zipo pia dawa za kupunguza hamu ya kunywa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza naltreksoni na akamprosati katika orodha yake ya dawa muhimu. Si kila duka la dawa linazo, ila daktari wa magonjwa ya akili anaweza kueleza zipatikanapo. Kikundi kizuri hakimwambii mtu aache dawa aliyoandikiwa. Ukisikia mjumbe anasema dawa ni udhaifu, jua hayo ni maoni yake mwenyewe na si utaratibu wa kikundi.

Simu ya mwaka 1935

Vikundi vingi vya namna hii duniani ni vya Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA, au vimeiga mtindo wake. Asili yake inaeleza mengi kuhusu jinsi vinavyoendeshwa leo.

Walikuwepo waliotangulia. Mwaka 1840, mjini Baltimore, Marekani, walevi sita waliokuwa wakinywa pamoja waliapa kuacha, wakaanzisha chama walichokiita kwa jina la Rais Washington. Kila juma mjumbe mmoja alisimama na kusimulia maisha yake, na kila mmoja alitakiwa kuleta mlevi mwingine. Kwa miaka michache chama kilienea nchi nzima na watu kwa mamia ya maelfu waliapa. Kabla mwongo huo haujaisha kilikuwa karibu kimetoweka. Kilivutwa kwenye siasa za kupiga marufuku pombe na magomvi mengine ya wakati ule, wasemaji wake wakawa watu mashuhuri wa majukwaani, na mlevi wa kawaida akakosa mahali pa kuketi.

Mwaka 1935 dalali wa hisa wa New York, Bill Wilson, alikuwa katika hoteli mjini Akron, jimbo la Ohio. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imekwama. Alikuwa na miezi michache tu tangu aache pombe, na baa ya hoteli ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Akaenda kwenye simu na kuanza kupigia makanisa ya mji ule, akiomba aelekezwe kwa mlevi yeyote wa kuzungumza naye. Hakutafuta mtu wa kumsaidia; alitaka mtu mwenye shida kama yake. Akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith. Siku ambayo inaaminika Smith alikunywa mara ya mwisho, 10 Juni 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa AA.

Waliofuata walijifunza kwa kilichowaangusha watu wa Baltimore. Mwaka 1950 AA ilipitisha kanuni kumi na mbili za kuendesha vikundi. Sharti la kujiunga ni moja tu, nia ya kuacha pombe. Kikundi hakipokei fedha kutoka nje, hakina msimamo juu ya siasa wala sheria za pombe, na hakitaji majina ya wajumbe wake katika vyombo vya habari. Mwongoza mkutano ni mtumishi wa zamu, hana cheo cha kutawala.

Kanuni hizo zina maana kubwa kwetu. Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba tangu 1 Machi 2017. Kenya, mwezi Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako wa pombe za bei nafuu, na wabunge wakaongoza umati kumwaga mapipa. Kampeni za namna hiyo huja na kupita, na huja na makofi na kamera. Mnywaji anayetaka kuacha anahitaji mahali ambapo hatapigwa picha, hatafanywa ushahidi wa mafanikio ya mtu, na patakuwepo hata kampeni ikishapoa.

Ndani ya chumba

Mkutano wa kawaida huchukua saa moja, pengine moja na nusu. Chumba mara nyingi ni cha kanisa, cha shule au cha hospitali, kwa sababu hivyo ndivyo vyumba vinavyopatikana kwa bei ndogo. Mwenyekiti husoma utangulizi mfupi, mara nyingi pakiwa na sala fupi ya kuomba utulivu. Hakuna anayeomba kitambulisho, na majina yanayotumika ni ya kwanza tu.

Mmoja husimulia maisha yake kwa mpango unaofanana kila mahali: nilivyokuwa, kilichotokea, nilivyo sasa. Kisha wengine husema, kila mtu dakika chache. Jambo linalowashangaza wageni wa kwetu ni kwamba hakuna anayemjibu mwingine. Katika kikao cha ukoo mkosaji huwekwa katikati, na kila mzee humpa lake hadi usiku. Hapa mtu husema aliuza mabati ya nyumba yake, watu hushukuru, na zamu humfikia mwingine. Hakuna ushauri wala hukumu, na hakuna anayeuliza mabati yalikuwa mangapi. Anayesikiliza hujipimia mwenyewe, na asiyetaka kusema husema tu, “Naitwa Juma, leo nasikiliza.”

Baadaye kikapu hupita kwa ajili ya kodi ya chumba na chai. Anayeweza huweka kidogo, na mgeni hatarajiwi kutoa kitu. Sehemu nyingine hutolewa medali ndogo kwa anayetimiza siku 30, siku 90 au mwaka.

Halafu mkutano hufungwa, na hapo ndipo wageni wengi hufanya haraka kuondoka. Ingawa ratiba haizitaji, dakika kumi na tano za baada ya mkutano zina thamani kama mkutano wenyewe, kwa kuwa ndipo watu hubadilishana namba. Mgeni anayeondoka na simulizi nzuri kichwani lakini hana namba hata moja kwenye simu amepata nusu ya alichokifuata.

Mikutano ni ya aina mbili. Ya wazi humkaribisha yeyote, akiwemo ndugu au mwanafunzi anayetaka kujua. Ya faragha ni kwa wenye shida ya pombe tu. Ni vizuri kuuliza kabla ya kwenda.

Ushahidi unasemaje

Kwa muda mrefu wataalamu waligombana iwapo AA inasaidia kweli au inasifiwa na waliobaki tu, huku walioondoka wakisahaulika. Mwaka 2020 mtandao wa utafiti wa Cochrane ulichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Katika tafiti zilizopangwa vizuri zaidi, baada ya mwaka mmoja, watu 42 kati ya 100 walioelekezwa AA kwa utaratibu maalumu walikuwa hawanywi kabisa, ikilinganishwa na 35 kati ya 100 waliopewa tiba nyingine, kama ile ya kubadili fikra na mwenendo. Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu kikundi ni bure. Takwimu zenyewe zinakumbusha pia kwamba zaidi ya nusu walikunywa tena ndani ya mwaka, na kwamba tafiti nyingi zilifanyika Marekani.

Kinachofaa kutazamwa zaidi ni namna kikundi kinavyosaidia. John Kelly wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichambua taarifa za watu 1,726 waliokuwa katika utafiti mkubwa wa tiba ya pombe uitwao Project MATCH. Sehemu kubwa ya faida ya kuhudhuria ilitokana na mambo mawili: marafiki wanywaji walipungua na wasiokunywa wakaongezeka, na mtu akapata kujiamini kwamba anaweza kukaa katika shughuli za watu bila kunywa. Mambo ya kiroho yalichangia pia, hasa kwa wale ambao hali yao ilikuwa mbaya zaidi, ila kwa wengi hayakuwa ndiyo nguzo kuu. Utafiti mwingine wa Marekani, wa Mark Litt na wenzake, uliona kwamba kuongeza mtu mmoja tu asiyekunywa katika mzunguko wa mtu kuliongeza uwezekano wa kukaa bila pombe mwaka unaofuata kwa asilimia 27.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake. Mjini Eldoret, Kenya, katika kliniki za mpango wa afya wa AMPATH, mradi uitwao RAFIKI uliwakusanya katika vikundi watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na wenye tatizo la pombe, kwa vikao sita vya juma hadi juma, kila kimoja dakika 90. Mazungumzo yalikuwa kwa Kiswahili, na walioongoza hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, kutoka kwa washiriki 614, yalionyesha kwamba vikundi vilivyofundishwa mbinu za kukabili hamu ya pombe vilipunguza siku za kunywa kuliko vikundi vilivyofundishwa afya kwa jumla, na tofauti iliendelea kuonekana hadi miezi tisa. Mtindo huo si wa AA, maana una somo, una mwalimu na una mwisho. Hata hivyo unaondoa kisingizio kimoja, kwamba kazi hii haiwezekani bila bingwa kutoka mji mkuu.

Kukitafuta

Kenya, mlango wa kwanza ni namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa inayoshughulikia pombe na dawa za kulevya. Haitozwi. Mnasihi anaweza kukuelekeza kwenye huduma zilizo karibu nawe. NACADA pia ndiyo hutoa vibali vya vituo vya tiba, ambavyo Wakenya huviita rehabu. Kabla ya kulipa fedha nyingi kwa siku 90 za kulazwa, uliza kama kituo kina kibali, na uliza pia kinawaunganisha wagonjwa na kikundi gani siku wanayotoka. Kituo kisicho na jibu la swali la pili kinamrudisha mtu kwenye meza ileile ya baa.

Tanzania, anzia idara ya magonjwa ya akili ya hospitali kubwa kama Muhimbili au KCMC, au hospitali ya Mirembe kule Dodoma. Zanzibar na Dar es Salaam kuna nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba. Nyingi zilianzishwa kwa ajili ya waraibu wa heroini, lakini zinafuata hatua kumi na mbili za kuacha ulevi zilizotoka AA, ambazo si zile kanuni za kuendesha vikundi, na baadhi hupokea wenye shida ya pombe. Uganda, hospitali ya Butabika, Kampala, ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya.

Mikutano ya AA ipo katika miji mikubwa, na Nairobi ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi ya kuchagua siku na mtaa. Orodha hupatikana katika tovuti rasmi za AA. Tangu ugonjwa wa korona mwaka 2020, mikutano mingi inafanyika pia kwa Zoom, jambo linalomfaa mtu aliye mbali na mji au anayefanya kazi Muscat au Doha, ambako kutamka tu kwamba unakunywa kunaweza kukuletea balaa. Mkutano wa mtandaoni unaweza kuokoa usiku mmoja. Hautakupa jirani wa kunywa naye chai, kwa hiyo ikiwezekana uwe nyongeza.

Orodha huzeeka, basi piga simu kabla ya kupanda daladala. Haihitaji maelezo marefu: “Habari za saa hizi, dada. Nimepata namba hii kwenye orodha ya mikutano. Wa leo bado upo? Ni wa wazi au wa faragha? Mnazungumza Kiswahili?” Lugha ni jambo la msingi. Baadhi ya mikutano ya mijini huendeshwa kwa Kiingereza, na mtu anayetafsiri aibu yake kichwani kabla ya kuisema huishia kunyamaza.

Kukichagua na kukaa

Usikihukumu kikundi kwa siku moja. Hudhuria mara tano au sita, au zungukia vikundi viwili vitatu, kisha amua. Kipimo ni hiki: baada ya mwezi, je, kuna watu wawili unaoweza kuwapigia saa kumi na mbili jioni na wakapokea?

Dalili za kuondoka nazo zipo. Kikundi kinachodai michango, kinachouza dawa za mitishamba, kinachorekodi simulizi za watu, au kinachoongozwa na mtu asiyeulizwa swali, si mahali salama. Mjumbe anayemkopa mgeni fedha ni hatari, na anayemtongoza ni hatari zaidi. Ndiyo maana mdhamini, yaani mjumbe mzoefu anayemshika mgeni mkono katika hatua za mwanzo, kwa desturi huwa wa jinsia ileile na mgeni. Mwanamke anabeba aibu maradufu, kwa kuwa mlevi wa kiume huitwa mlevi na wa kike huitwa mengine. Akipata mkutano wa wanawake, au hata wenzake wawili wa kuketi nao, ana sababu ya kurudi.

Muislamu wa Mombasa au Unguja ana swali lake: nitaingiaje chumba cha kanisa, na hapo nitamke kwamba nakunywa? Chumba kimekodiwa tu, na AA si ya kanisa lolote. Hatua zake zinamtaja Mungu kwa namna ambayo kila mtu anamwelewa, na wapo wanaozipitia kwa imani yao bila kuyumba. Kwa anayeona hata hilo ni zito, tangu 1994 kuna SMART Recovery, inayotumia mbinu za kisaikolojia bila mambo ya dini na ina mikutano ya mtandaoni. Kuhusu kutamka, kikundi kinasitiri. Kinachosemwa ndani hakitoki, na atakayekuona pale amefuata jambo lilelile. Katika mji mdogo ambako kila mtu anaijua pikipiki yako, kwenda mkutano wa mji wa pili si woga.

Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo migumu. Marekani mgeni huambiwa ahudhurie mikutano 90 kwa siku 90. Penye mkutano mmoja kwa juma haiwezekani, hivyo siku nyingine sita zijazwe kwa mpango: simu moja kila jioni kabla kiu haijaja, na chakula mapema, maana njaa na uchovu hujifanya hamu ya pombe. Siku ya mshahara panga kuwa na mtu tangu unapotoka kazini. Kwenye harusi au sherehe ya mahari, anayekusukumia glasi hadaiwi historia yako. “Natumia dawa” inatosha, na karibu kila mtu huiheshimu.

Ukiteleza, rudi mkutano unaofuata. Hakuna anayefukuzwa wala kutozwa faini. Walio kwenye viti hivyo wengi waliteleza, na wanajua kwamba anayekaa nyumbani akisubiri aibu ipungue huendelea kunywa. Kumbuka pia kwamba mwili uliopumzika hauhimili kiasi cha zamani, na wengi hudhurika kwa kunywa kana kwamba hawakuwahi kuacha.

Familia nayo ina mahali pake. Lois Wilson, mke wa Bill, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Al-Anon mwaka 1951, vikundi vya jamaa wa wanywaji. Humo mke anayelipa deni la baa kila mwisho wa mwezi, au mama anayempigia bosi simu kusema mwanawe ana malaria, hujifunza kutofautisha kumpenda mtu na kumlipia gharama za ulevi. Anaweza kwenda hata kama mnywaji mwenyewe bado hajakubali lolote.

Pasipo na kikundi

Maeneo mengi hayana kikundi, hasa vijijini. Lakini watu wetu ni hodari wa kuendesha vikundi: chama, upatu na vikoba vipo kila mtaa, vinakutana siku ileile, saa ileile, na kila mtu anajua zamu yake. Kikundi cha kuacha pombe kinahitaji nidhamu hiyohiyo ya saa, bila fedha na bila faini. Watu wawili wanatosha kuanza, kama Wilson na Smith. Wakipata chumba kisicho karibu na baa, siku moja ya juma isiyobadilika, na muuguzi wa zahanati anayejua dalili za hatari, wameshaanza. Mkutano wa mtandaoni wenye wazoefu unaweza kuwalea mpaka wasimame.

Wengine wote, kuanzia daktari na mchungaji hadi shangazi na bosi, wana somo la kuchukua kutoka kwa utafiti mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 1981. Wagonjwa ishirini walishauriwa kwenda AA. Kumi walipewa maelezo ya mahali na saa. Kwa wale kumi wengine, mnasihi alipiga simu palepale mbele ya mgonjwa, akamuunganisha na mjumbe wa AA, na mjumbe huyo akajitolea kumpitia na kwenda naye. Waliopewa maelezo tu, hakwenda hata mmoja. Waliopitiwa, walikwenda wote. Watu ishirini ni wachache, lakini yeyote aliyewahi kumwambia ndugu yake “nenda ukapate msaada” analijua kundi la kwanza. Tukiendelea kutoa ushauri tutaendelea kuwa wengi na bila faida. Anayetaka kusaidia aulize mkutano ni siku gani, apige ile simu yeye, kisha ampitie mtu wake na kwenda naye mpaka mlangoni.